Kutu Niliyoitengeneza kwa Mikono ya Ganzi

Ukiwa na baka mwilini ambalo haliwashi, haliumi wala halikusumbui, hilo ndilo la kuogopa. Chukua njiti ya ufagio, fumba macho, mwambie mtu akuguse nayo katikati ya baka lenyewe. Usipoisikia, acha kusoma hapa hapa uende kliniki. Haya mengine utayasoma ukirudi, hayataoza.

Mimi sikuwa na wa kuniambia hivyo, na hata angekuwapo ningemtukana. Nilikuwa na mabaka matatu mgongoni na moja kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Kwa miaka miwili niliyaita choa. Nilipaka dawa za dukani, zikashindwa, mwisho nikapaka mafuta ya ganda la korosho. Sisi watu wa Bungu tunayajua mafuta hayo tangu utotoni: tone moja likikugusa unaruka, na ngozi inababuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Nilijipaka kijiweni mbele ya watu. Ngozi ikababuka kweli, mimi nikabaki nimekaa nakunywa kahawa. Wakasema huyu ndiye mwanaume wa Kimatumbi, hajui maumivu. Nikavimba kichwa mwezi mzima. Kumbe nilikuwa nasifiwa kwa ajili ya ukoma.

Kazi yangu ilikuwa udereva wa pikapu. Haikuwa yangu, ilikuwa ya tajiri mmoja wa Kibiti, lakini kwa miaka tisa niliyoiendesha hakuna aliyetaja jina la tajiri. Ilikuwa pikapu ya Baba Mwanahawa, basi. Nilishuka nayo hadi Mbuchi kuchukua samaki, mpunga na abiria, nikapandisha nao mpaka barabara kuu. Mwanahawa ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Siku zisizo za shule alikaa kiti cha mbele, miguu haifiki chini, na alizijua kasoro za gari lile kuliko fundi. "Baba, mlango umelia." "Baba, kioo kimeshuka chenyewe." Madigadi ya kushoto ilikuwa imebonyea tangu nilipogonga mnazi, na yeye aliliita bonde lile kikombe, kwa sababu mvua ikinyesha lilijaa maji.

Nikuambie na dhambi yangu, usije ukanihurumia bure. Kulikuwa na mzee mmoja wa kule chini kwenye delta ya mto, vidole vimekwisha, amebaki na vigutu. Alikuwa na nauli kama watu wengine. Nilimweka nyuma peke yake juu ya barafu ya samaki, abiria waliobaki nikawabananisha upande wa pili, na aliponipa nauli nikamwambia aiweke juu ya boneti. Watu walicheka. Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi.

Vuli iliyofuata vidole vyangu viwili vya mwisho vilianza kujikunja. Kisha ndala ikawa inanivuka mguuni, natembea hatua kumi sina habari. Nyusi zikapukutika. Zuhura, mke wangu, akanitania kwamba nimezinyoa kwa ajili ya mwanamke wa Mbuchi. Nilikwenda kliniki Kibiti kwa sababu ya vile vidole tu, nikidhani ni usukani. Nesi mmoja mama wa makamo alinifumbisha macho, akasema kila atakaponigusa kwa kalamu nioneshe mahali. Nikakaa nasubiri aanze. Nilipochoka kusubiri nikafumbua macho, kumbe ameshamaliza mkono mzima.

"Ni ukoma," akasema. "Unatibika. Dawa ni bure, pakiti kumi na mbili, kila mwezi moja. Ukishaanza kumeza humwambukizi mtu. Ila wale ulioishi nao kabla ya leo niletee niwapime. Mtoto kwanza."

Maneno yake mengine yote niliyasahau njiani. Hayo mawili ya mwisho nilifika nayo nyumbani.

Zuhura hakulia. Alisikiliza, akasema sawa, kesho twende sote, kisha akampigia simu mama yake, na kesho yake hatukwenda. Siku ya tatu mama mkwe akafika kutoka Ngarambe, kule upande wa mbuga, akakaa mkekani akajifunika kanga vizuri.

"Baba Mwanahawa, hatukukimbii," akasema. "Tunamkinga mtoto."

"Basi mama, kwanza apimwe."

"Apimwe kwenye benchi la wakoma, Bungu nzima imwone? Atakuja kuolewa na nani?"

"Mama, ana miaka saba."

"Ndiyo maana nawahi."

"Nesi amesema siambukizi tena nikianza dawa."

"Nesi halali nawe."

Aliyasema hayo kwa upole kabisa, wala sauti haikupanda. Jioni ile wakaondoka wote watatu. Mwanahawa alibebwa katikati ya mama yake na bibi yake kwenye bodaboda, na hakupimwa. Tangu siku hiyo sikuwa na swali lingine duniani ila moja: mwanangu nimempa, au sikumpa? Nilikuwa nimemkalisha pembeni yangu miaka mitatu, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi.

Pakiti ya kwanza nilimeza masika, mbele ya nesi, na maji ya mvua yanaingia chini ya mlango. Kliniki ile ina benchi refu la wagonjwa wote na benchi fupi pembeni, la kifua kikuu na sisi. La kwetu halikuwa na foleni. Watu waliona heri kusimama saa mbili na mtoto mgongoni kuliko kukaa pale. Usishtuke mkojo ukiwa mwekundu kama juisi ya rozela, ni dawa. Usishtuke pia ngozi ikiwa nyeusi ya masizi na kukauka magamba, ingawa mimi nilishtuka, kwa sababu watu ambao walikuwa bado hawajajua sasa walijua. Abiria wakaacha kupanda. Tajiri alimtuma mtu kuchukua ufunguo, na yule mtu akaushika kwa karatasi.

Kwenye pakiti ya tatu mishipa ya mikono ikavimba, nikapata homa ya kutetemeka, nikapewa vidonge vingine vilivyoniumua uso kama andazi. Hicho ndicho kipindi nilichotamani kufa, na nasema wazi ili ukikifikia ujue kina mwisho.

Aliyenivusha ni Siwema, binti wa mjomba wangu, muuza mihogo ya kukaanga pale mabasi yanaposimama. Kwetu binamu ana haki ya kukutukana mpaka kaburini na wewe huna ruhusa ya kununa. Wengine wote walinionea huruma wakiwa wamesimama mlangoni. Siwema aliingia na bakuli la uji, akanisukuma kwa nyonga.

"Sogea, mkoma. Na sura yako hiyo, hata ugonjwa umeona hapa pananifaa."

"Utaambukizwa wewe."

"Niambukizwe nini na miye nshazeeka? Nikifa kwa ukoma wako n'takufuata huko huko kuzimu unilipe mihogo yangu."

Akanywa uji kwenye kijiko changu, akanirudishia. Nilicheka hadi uso uliovimba ukauma. Kuna matusi ambayo ni dawa, na hayapatikani kliniki.

Nesi alikuwa amenionya kwamba mikono isiyofanya kazi itajikunja moja kwa moja. Niiloweke kila siku kwenye maji, niipake mafuta, kisha niishughulishe na kazi ndogo ndogo, na kazi yoyote niitazame, maana macho sasa ndiyo vidole. Nikaamua kutengeneza pikapu ya bati, nimpelekee Mwanahawa. Lakini si pikapu mpya. Ningemtengenezea gari linalong'aa angedhani limenunuliwa dukani, na bibi yake angeweza kusema limetoka kwa yeyote. Nilitaka aone kile kikombe kwenye madigadi, aone kutu pale pale ilipokuwa, ajue hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kulileta ila baba yake.

Nilikwenda kupima gari kubwa kwa uzi. Dereva mpya hakunizuia. Alisimama mbali akatafuna kijiti mpaka nikamaliza, na nilipogeuka nikamwona anafuta mlango kwa kitambaa chenye petroli. Nikaukunja uzi mara ishirini, ikawa pikapu yenye urefu wa shibiri moja na kidogo.

Bati nilikata kwenye makopo ya maziwa na madebe ya mafuta ya kula. Tairi ni ndala, zimechongwa kwa wembe. Kioo ni chupa ya maji. Kukata bati bila kusikia mikono ni mchezo wa kikatili. Siku moja nilikuwa dukani kwa Mama Nargis, Mhindi muuza vifaa vya ujenzi Kibiti, nimefuata mabaki ya rangi, akanikamata mkono kabla sijaweka kopo kwenye mfuko.

"Kaka, damu yako inamwagika kwenye sakafu yangu," akasema, akachana kitambaa na kunifunga mwenyewe, vidole vyake juu ya vyangu. Kisha akanigombeza nipanguse sakafu. Nilipangusa kwa furaha.

Siku nyingine nilikuwa nachomelea chasisi kwa risasi ya kuyeyusha, nikasikia harufu nzuri ya nyama. Nikajisemea, leo jirani amechinja. Nikaendelea na kazi, mate yananitoka. Ilikuwa ni dole gumba langu. Nesi alipoliona alinitukana kama mama mzazi, akanishonea glavu za kitambaa kutoka shuka kuukuu la wodini.

Bodi ilipokamilika nikaanza kuichakaza, na hapo ndipo nilipojiona fundi. Rangi ya gari haichakai ovyo. Mlango wa dereva hupauka pale kiwiko kinapoegemea. Bodi ya nyuma huoza kuanzia bawaba ya chini, kwa kuwa maji ya samaki hutuama hapo na chumvi yake. Sakafu ya nyuma hukwaruzwa kwa mistari mirefu ya matenga, siyo ya duara. Nililoweka waya wa kusugulia sufuria ndani ya siki kwa siku tano, ikatoka kutu halisi, nikaipaka kwa ncha ya unyoya wa kuku. Namna ya kubandua rangi niliipata kwa bahati mbaya: nilipiga rangi ya bluu juu ya meza ambayo Siwema alikuwa amemwaga chumvi ya mihogo. Ilipokauka nikaikung'uta, punje zikadondoka na kuacha madoa ambayo hata mimi niliyaamini. Tangu hapo nikawa napaka rangi ya kutu kwanza, nanyunyiza chumvi kwenye unyevu, kisha bluu, kisha naisugua chumvi itoke. Tope la Mbuchi nililichekecha kwenye kanga ya Zuhura aliyoisahau, nikalipiga kwa kipande cha sponji ya godoro chini ya madigadi, nikaifunga kazi yote kwa vanishi isiyong'aa. Kikombe nilikibonyeza kwa kitako cha kijiko. Mara ya kwanza kilikuwa kirefu mno, nikaing'oa madigadi nikaanza upya.

Siwema alilizunguka gari pale mezani.

"Weye," akasema, "sasa hili nalo si litazimika njiani?"

Lilisafirishwa msimu wa korosho, nimemeza pakiti ya saba, na kijana wa bodaboda aliyekuwa anakwenda Ngarambe. Zuhura akapiga simu. Akasema limefika, akaniuliza hali, akakata. Pakiti ya nane ikapita. Ya tisa, Siwema akaenda kwenye msiba kule Ngarambe, nami nikahesabu siku mpaka aliporudi. Hakunitania, na hapo nikajua.

"Mtoto nimemwona kwa mbali, mzima, anacheza," akasema. "Na gari lako nimeliona, binamu. Wamelisugua. Halina kutu, halina tope, rangi yenyewe karibu yote imetoka. Linang'aa kama sufuria la harusi."

"Wamelisugua kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Miezi mitano niliyochoma dole langu na kuchana viganja kutengeneza uchafu ule, tone kwa tone, na mama mkwe ameuona ni ukoma, akachukua jivu akausugua. Ndivyo nilivyoona. Niliutupa mkasi wa bati chooni. Niliacha kuloweka mikono, niliacha mafuta, niliacha glavu, nikawa nashika sufuria la moto kwa mikono mitupu nikijiambia haiumi, kweli haiumi. Vidonge tu sikuviacha, kwa woga wa nesi. Kidole kidogo cha kulia kikapata kidonda, nikakiangalia kinavyooza nikiwa na hasira nacho. Ilipokuja pakiti ya kumi, nesi alikitazama, akamwita daktari, naye akakata kipande cha juu. Hata ganzi hawakunichoma sana, haikuhitajika.

"Gari ni bati," nesi akaniambia baada ya hapo, ananifunga bendeji. "Hiki kilikuwa kidole. Ulimkomoa nani?"

Ninalokuomba wewe unayesoma ni hili moja: ukikasirika, pasua vyombo, tukana, lia, lakini mikono yako iloweke.

Masika yaliporudi nikameza pakiti ya kumi na mbili. Nesi akaniandikia cheti, akanipa na barua kwa kituo cha afya cha kule ili wampime mtoto. Nilikwenda Ngarambe asubuhi moja, nimevaa kanzu, tope hadi magotini. Zuhura alinikaribisha vizuri. Alinipa kiti, akasoma cheti mara mbili, akakikunja.

"Alhamdulillahi, wewe umepona," akasema. "Mimi hofu haijapona. Usiniombe kurudi, Baba Mwanahawa, nitakudanganya."

"Sikuja kukuomba urudi. Nimekuja kwa ajili ya mtoto apimwe."

Mama mkwe, aliyekuwa anapepeta mchele, akaacha ungo. "Mtoto hana baka hata moja. Namwogesha mwenyewe."

"Mikono yake je?"

Akaurudia ungo wake. Mwanahawa akaitwa. Alikuwa amerefuka, meno mawili ya mbele yameota makubwa. Alisimama mbali, akasema shikamoo, mikono ameificha mgongoni. Nikasema marahaba. Nilijua amefundishwa asinipe mkono, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima, lakini kujiandaa hakukunisaidia chochote. Gari langu lilikuwa kwenye baraza, bati tupu, limekwanguliwa mpaka kikombe kimepata matundu.

"Nani amelisugua hivi?" nikauliza, nikimtazama mama mkwe.

"Mimi," akasema Mwanahawa. "Kila siku nikitoka shule. Bibi alisema huo ni uchafu wa baba, ukitoka wote baba atakuja. Ulikuwa hautoki. Nikatia mchanga."

Mama mkwe akainamisha uso kwenye ungo wake.

"Nioneshe mikono," nikasema.

"Bibi atanigombeza."

"Nioneshe, Mwanahawa."

Akaileta mbele taratibu. Viganja vilikuwa vimechanika kwa makali ya bati, vidonda vipya juu ya makovu, ncha za vidole zimevimba, na kimoja kinatoa usaha. Nilikuwa nimeiona mikono ya namna hiyo mwaka mzima, kwenye benchi fupi na kwangu mwenyewe, mikono ya mtu anayejikata na hajui. Nikapiga magoti, nikaushika mkono wake, nikabonyeza kidole kile kwa kucha yangu.

Akauvuta mkono kwa nguvu. "Baba, inauma!"

Sikumwachia. Nilibonyeza kidole cha pili, cha tatu, nikahamia mkono mwingine, nikabonyeza vyote kumi, kimoja baada ya kingine, na kwa kila kimoja alipiga yowe. Zuhura alikuwa ananivuta kanzu, mama mkwe analia kwamba mkoma amepata wazimu anamuua mtoto. Mwanahawa alilia mpaka majirani wakaja uani kuangalia, na mimi pale chini kwenye tope nikasema alhamdulillahi, nikabonyeza tena.